Kambare Mwenye Ladha ya Tope: Tatizo Liko Majini

Mkulima amefuga kambare kwa miezi minane. Amewalisha kila siku na samaki wamenenepa. Mwenye hoteli ananunua kilo kumi. Kesho yake anapiga simu: wateja wamerudisha sahani wakisema samaki ananuka udongo. Tangu siku hiyo hataki tena kambare wa kidimbwi, awe wa mkulima huyo au wa jirani yake. Hasara ya aina hii hutokea bila samaki hata mmoja kufa, ndiyo maana wafugaji wengi hawaioni ikija.

Kambare huvumilia, mnunuzi havumilii

Ukiacha tilapia, kambare ndiye samaki anayefugwa sana katika vidimbwi vya Kenya. Wakulima humpenda kwa sababu hukua haraka na ni mgumu kufa. Juu ya mashavu yake ana kiungo maalum kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, kwa hivyo huishi hata kwenye maji ambayo yangemuua tilapia kwa usiku mmoja. Ni vifaranga wa wiki za mwanzo tu ambao bado hawana uwezo huo.

Sifa hii njema ndiyo mtego wenyewe. Maji yakiharibika, tilapia hufa na mkulima akashtuka. Kambare huendelea kuishi, na ubaya wa maji huonekana mezani.

Ladha ya tope hutoka wapi?

Wengi hudhani kambare hunuka udongo kwa kuwa hula matope. Chanzo hasa ni kemikali mbili, jeosmini na nyingine ijulikanayo kwa kifupi kama MIB, ambazo hutengenezwa na aina fulani za mwani wa rangi ya bluu-kijani na bakteria wanaoishi kwenye tope. Jeosmini ndiyo hiyo hiyo inayoleta harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno.

Samaki huvuta kemikali hizi kupitia mashavu, nazo hujificha kwenye mafuta ya mwili. Huingia kwa muda wa saa chache, lakini kutoka huchukua siku kadhaa. Kadiri samaki alivyo na mafuta mengi ndivyo zinavyochelewa kutoka.

Kemikali hizi hazimdhuru mlaji, ila humfukuza. Limau na viungo hupunguza harufu kidogo, lakini si dawa ya kutegemewa. Mwani wenyewe ni jambo jingine: baadhi yake hutoa sumu, hivyo usinyweshe ng'ombe au mbuzi maji yenye utando wa kijani juu.

Lishe kwa kipimo

Mwani hustawi kwa mbolea, na mbolea kubwa kidimbwini ni chakula kilichozidi pamoja na kinyesi cha samaki. Piga hesabu hii: ukiwa na kambare 500 wenye wastani wa gramu 400, una kilo 200 za samaki. Kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito, watahitaji kilo 6 za chakula kwa siku, asubuhi kilo 3 na jioni kilo 3. Wapime samaki wachache kila baada ya wiki mbili na urekebishe hesabu. Chakula kikibaki baada ya dakika 20, umezidisha. Siku ya baridi au mawingu mazito, punguza.

Samadi ya kuku ikiongezwa kwenye kidimbwi ambacho tayari ni kijani huzidisha tatizo. Matumbo na mabaki ya machinjioni yanayooza majini hufanya vivyo hivyo.

Pima maji kwa mkono

Tumbukiza mkono polepole majini ukiwa umenyoosha kiganja. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Kikipotea maji yanapofika kiwikoni, hali ni nzuri.

Angalia pia kidimbwi alfajiri, wakati oksijeni iko chini kabisa. Kambare mmoja mmoja kuja juu kuvuta hewa ni kawaida. Wengi wakikaa juu kwa pamoja na kukataa chakula, acha kuwalisha na ubadilishe sehemu ya maji. Toa maji ya chini karibu na tope, kisha uingize maji safi.

Usimwage mrututu ili kuua mwani wote kwa mara moja. Mwani unapokufa huachilia harufu zaidi majini, na unapooza humaliza oksijeni.

Maji unayotoa yaelekeze kwenye migomba, nepia au sukuma wiki. Yana rutuba, na hayapaswi kumwagwa mtoni.

Onja kabla ya kuvuna

Wiki moja au mbili kabla ya kuuza, vua kambare wawili au watatu. Kata kipande karibu na mkia, ukipike kwa mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa, bila chumvi wala kiungo. Fungua kifuniko, unuse, kisha uonje. Mwombe mtu mwingine wa nyumbani aonje pia, kwa sababu mfugaji huizoea harufu ya kidimbwi chake.

Ukisikia udongo, usiuze. Hamishia samaki kwenye tangi lililosuguliwa vizuri, lisilo na utelezi wa kijani, lenye maji safi yanayoingia na kutoka. Usiwalishe. Funika kwa wavu, maana kambare huruka. Waweke siku tatu hadi saba, kisha uonje tena. Wengine huhitaji siku zaidi, hasa wanene na wakati wa baridi. Watapungua uzito kidogo, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko kumpoteza mnunuzi.

Baada ya mavuno

Kausha kidimbwi, ondoa tope jeusi la chini, na ukiache juani mpaka ardhi ipasuke nyufa. Weka chokaa kabla ya kujaza maji mapya. Kiasi cha chokaa hutegemea udongo wa shamba lako, kwa hivyo mwulize kwanza ofisa wa uvuvi.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za ugani kwa wafugaji wa samaki ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Fika katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yako mapema, maji yanapoanza kuwa mazito. Usisubiri hadi mnunuzi apige simu.