NAFUU YA KIJANA NAYO IPIMWE

Kuanzia Mgusu mkoani Geita hata Mwakitolyo mkoani Shinyanga, dhahabu hupimwa kwa mizani, na mwenye mali huikodolea macho mizani hiyo asije akapunjwa. Lakini kijana wa machimboni apatwapo na sonona, akafika kwa tabibu, nafuu yake hupimwa kwa nini? Akiulizwa tu, "U hali gani?", adabu aliyolelewa nayo humfanya ajibu, "Sijambo," hata kama hajalala siku tatu.

Kipimo kipo, tena kwa Kiswahili. Ni dodoso la maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita: huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, hata mawazo ya kujidhuru. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Maswali yale yale yakirudiwa kila ziara, jumla ikishuka kwa alama 5 au zaidi, tabibu aweza kusema pana nafuu. Isiposhuka, hana budi kuiangalia upya tiba yake.

Twaona faida yake katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020, juu ya watoto yatima 640 wa Moshi, na wa Bungoma nchini Kenya. Washauri wasio madaktari waliwahudumia kwa wiki 12. Dalili za kiwewe zikapimwa mwisho wa tiba, na tena baada ya mwaka. Bungoma manufaa yalidumu. Moshi, mwaka ulipopita, waliopewa tiba hiyo na wenzao wa huduma za kawaida walikuwa karibu sawa. Wangepima mara moja tu, nani angalijua?

Huku kwetu shida ni kwamba kijana haketi. Isikikapo rashi mpya, leo yu Kahama, kesho Chunya, na jina lake labaki zahanati bila mwenyewe. Aliyeacha kuja asihesabiwe kuwa amepona! Alama ziandikwe katika daftari lile lile aendalo nalo kutibiwa. Ziandikwe tarehe na namba tu, maana kambini hulala wengi chumba kimoja, na macho hayana pazia.

Tena iko zebaki. Mvuke wake, dhahabu ichomwapo, huleta mitetemo, kukosa usingizi na hasira za ghafla. Alama zikigoma kushuka, tabibu wa Geita na amwulize kijana: ni nani achomaye, na huchomea wapi?