Kuihoji Mashua Kuukuu ya Faiba

Tabora ni mji usio na bahari wala ziwa kubwa, lakini kwa muda mrefu umekuwa mahali pa kuulizia habari za maji yaliyo mbali. Mwezi wa Novemba 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kaze, katika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa akikaa hapo, aliwaeleza wageni wake kwamba ziwa hilo moja halikuwapo, bali yalikuwapo maziwa kadhaa yaliyo mbalimbali. Maelezo yake yalikuwa sahihi, nayo yalipatikana kabla wageni hawajaona hata tone la maji hayo.

Kuhusu chombo cha kuwabeba majini hawakuwa na bahati hiyo. Boti yao ya chuma iliyoitwa Louisa ilikuwa imebaki pwani kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Walipofika Ujiji, Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, Machi 1858, ili akakodi jahazi la Hamed bin Sulayyim, ambalo habari zake alizisikia kwa watu. Alirudi mikono mitupu. Jahazi lilikuwapo, lakini halikupatikana kwa wakati aliouhitaji.

Tatizo la Speke halijaondoka katika njia hiyo ya zamani ya misafara. Mvuvi wa Kigoma, au kikundi kinachovua katika Mto Ugalla, katika mabwawa ya Tabora au katika maeneo oevu ya Malagarasi, huweza kusikia kwamba mashua ya faiba iliyokwisha kutumika inauzwa pwani kwa bei nafuu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200. Chombo kikishasafirishwa umbali huo hakirudishwi kwa urahisi. Kama ubao wake wa nyuma umeoza, fedha ya kikundi imepotea. Na kama ubovu huo utagunduliwa katikati ya ziwa wakati wa dhoruba, kitakachopotea ni roho za watu. Kwa hiyo habari za mashua hazina budi kukusanywa kabla ya kulipa na kabla ya kupakia. Mnunuzi anazo njia mbili za kuzikusanya: kuihoji mashua yenyewe, na kuwahoji watu wanaoijua.

Faiba ni kitu gani?

Kile kinachoitwa faiba katika lugha ya kila siku ni muungano wa vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi nyembamba za kioo, ambazo hustahimili kuvutwa. Cha pili ni resini, yaani plastiki iliyo kioevu wakati wa kupakwa na ambayo hugeuka kuwa ngumu inapochanganywa na kemikali ya kuigandisha. Katika mashua nyingi resini hiyo ni ya aina ya poliesta. Mfano wake ni ukuta wa nyumba ya udongo: fito peke yake hupinda, na udongo peke yake hupasuka, lakini vikiwa pamoja hufanya ukuta imara.

Fundi huanza kwa kupaka ndani ya kalibu tabaka laini la rangi liitwalo jelkoti. Juu yake hutandaza mikeka ya nyuzi za kioo na kuilowesha kwa resini, tabaka baada ya tabaka. Mashua inapotolewa katika kalibu, jelkoti ndiyo huwa ngozi yake ya nje. Ubao wa shetri, ambao hubeba injini ya kupachika, kwa kawaida huwa na mbao iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Faiba haiozi, lakini mbao hiyo huoza maji yakiingia katika matundu ya skrubu. Hivyo mashua huweza kung'aa kwa nje huku imeliwa ndani.

Maji yasiyo na chumvi

Watu wengi hudhani kwamba maji ya bahari ndiyo yanayoharibu zaidi kila chombo. Kwa chuma, dhana hiyo ina ukweli. Kwa faiba, mambo huwa kinyume katika jambo moja muhimu.

Mwanafunzi aliyepata kuweka kipande cha kiazi katika maji matupu atakumbuka kwamba kipande hicho huvimba. Maji hupita katika utando mwembamba kutoka upande wenye mmumunyo hafifu kwenda upande wenye mmumunyo mzito. Tendo hilo huitwa osmosisi. Jelkoti nayo ni utando wa namna hiyo. Molekuli za maji hupenya humo polepole, kwa miezi na miaka. Ndani yake hukutana na mabaki ya kemikali ambayo hayakuungana vizuri wakati resini ilipokuwa ikiganda, na pia hudhoofisha baadhi ya viungo vya resini yenyewe. Katika vijishimo vidogo vya hewa hutengenezwa mmumunyo mzito wenye asidi. Molekuli za mmumunyo huo ni kubwa, haziwezi kutoka kwa urahisi, lakini maji huendelea kuingia. Kanieneo huongezeka mpaka jelkoti ikavimba na kutoa malengelenge.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita moja ya maji ya Ziwa Tanganyika ina chini ya gramu 1 ya chumvi zilizoyeyuka. Tofauti kati ya maji ya ziwa na mmumunyo uliomo ndani ya faiba ni kubwa zaidi, hivyo nguvu ya kuvuta maji nayo ni kubwa zaidi. Joto pia huharakisha tendo hilo, na maji ya juu ya Tanganyika huwa na nyuzi 25 hivi za Sentigredi karibu mwaka mzima. Ndiyo maana mashua iliyokaa baharini kwa miaka mingi bila lengelenge huweza kuanza kuvimba baada ya kuhamishiwa ziwani.

Malengelenge machache hayaizamishi mashua. Hupasuliwa, huoshwa kwa maji safi, na sehemu hiyo huachwa ikauke kabisa, pengine kwa wiki nyingi, ndipo huzibwa kwa epoksi. Kosa ni kupaka rangi juu ya unyevu, maana huko ni kuufungia ugonjwa ndani. Mnunuzi ajue pia kwamba malengelenge hunywea mashua ikikaa nchi kavu muda mrefu. Mashua iliyoanikwa miezi mitatu nyuma ya ghala haiwezi kutoa ushahidi kamili mpaka irudishwe majini kwa muda, au mpaka mnunuzi aelezwe kwa uhakika ilikaa wapi kabla ya hapo.

Sauti, unyevu na uzito

Mwanamke anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kanuni hiyo hiyo hutumika kwa mashua. Mkaguzi huchukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, na kugonga hatua kwa hatua kutoka omo hadi shetri. Pale ambapo tabaka zimeshikamana, faiba hutetemeka kama kitu kimoja na sauti huwa kavu na wazi. Pale zilipoachana, au mbao iliyo ndani ilipooza, mitetemo hufifia na sauti huwa nzito. Kila sehemu yenye sauti nzito hutiwa alama ya chaki. Kazi ikiisha, chaki hiyo huwa ramani ya ubovu wote.

Shetri huhitaji uangalifu zaidi. Mkaguzi hushika mguu wa injini na kuuinua, kisha kuushusha kwa nguvu, huku mwenzake akitazama ubao. Ubao mzima haunesi. Skrubu moja ya chini ikifunguliwa na yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya uozo, jibu limepatikana. Nyufa ndogo zenye umbo la nyota aghalabu huonyesha mahali mashua ilipogongwa. Nyufa zilizopangika sambamba penye kona huonyesha kwamba faiba imekuwa ikinesa mno mahali hapo.

Uzito nao husema. Mashua iliyonyonya maji ni nzito kuliko ilivyotoka kiwandani. Kama hakuna mizani ya kutosha, kanuni ya Arkimedesi hufaa: mashua tupu huelea ikiwa imesukuma maji yenye uzito sawa na wake. Ikilala chini zaidi ya mstari wa maji wa zamani, yapo maji yaliyojificha ndani yake.

Yafaa hapa kutaja jambo ambalo wavuvi waliozoea mitumbwi huweza kulisahau. Mtumbwi wa mbao nyepesi ukijaa maji bado huelea, maana mbao hiyo ni nyepesi kuliko maji. Faiba ni nzito kuliko maji kwa mara moja na nusu hivi. Tuseme faiba ya mashua ina uzito wa kilo 300. Mjao wake ni lita 200 tu, hivyo ikizama husukuma kilo 200 za maji. Kilo 100 zinazobaki, pamoja na injini, huivuta kwenda chini. Kwa sababu hiyo mashua nzuri huwa na vyumba vilivyofungwa, au vilivyojazwa povu jepesi la plastiki. Kila lita 100 za povu kavu huweza kubeba karibu kilo 100. Povu lililolowa halibebi kitu. Mnunuzi atoboe tundu dogo, achukue kipande cha povu, akikamue.

Watu na karatasi

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji wa mashua hana tofauti. Maelezo yake yasikilizwe, lakini yasiwe peke yake. Fundi aliyewahi kuitengeneza ajibu ni wapi ilipasuka na ilizibwa kwa resini gani. Baharia aliyeiendesha aulizwe inavyokwenda ikiwa na shehena, na maji mangapi huchotwa katika ngama kwa siku. Kila mmoja aulizwe peke yake. Majibu yakitofautiana, hapo ndipo pa kuchunguza.

Karatasi huja baada ya watu. Hati ya usajili na leseni zilinganishwe na namba zilizoandikwa ubavuni, na ofisi ya uvuvi ya wilaya iulizwe. Mashua zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa mwaka 1972 huwa na namba ya chombo yenye tarakimu na herufi 12 katika shetri, ambayo humtaja mtengenezaji na mwaka. Kwa usalama wa vyombo vya majini, mwenye dhamana ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Tena, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Mbegani, karibu na Bagamoyo, na nyingine Kibirizi, Kigoma. Kwa hiyo miisho yote miwili ya njia ya misafara ina mahali pa kuomba ushauri, na mnunuzi wa Tabora yuko katikati.

Somo la kupima kabla ya safari si geni katika njia hiyo. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alipokea Unguja mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Vilipopimwa vilionekana kuwa vizito mno, vikakatwa upya kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo. Mwaka 1876 mashua hiyo ilizunguka Ziwa Tanganyika.

Umri si ugonjwa

Mtu asihitimishe kwamba chombo kikuukuu ni kibovu. Meli iitwayo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ambayo yalisafirishwa kwa reli ya kati kupitia Tabora hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walizikagua mashine na kuziona kuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Miaka mingi chini ya maji haikuiua meli hiyo, kwa sababu mtu mmoja aliitunza kabla haijazama na mwingine aliikagua kabla ya kuihukumu. Mashua ya faiba ya miaka thelathini inastahili ukaguzi huo huo. Shule iliyo karibu na mwalo au bwawa inaweza kuufanya uwe somo: kiazi na chumvi kwa osmosisi, ndoo na mizani kwa Arkimedesi, na nyundo ndogo ya plastiki kwa sauti. Mwanafunzi aliyefanya majaribio hayo ataweza kuongozana na mzazi wake siku ya kununua, akiwa na chaki mfukoni.