Kisanduku Kinachokataa Jina la Ng'ang'a

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za barabara ya Tom Mboya katikati ya jiji la Nairobi, na zile za Kangemi kando ya Waiyaki Way, hujaa watu ambao miezi mingine hawana haja na kompyuta. Makataa ya kuwasilisha ripoti ya ushuru ni Juni 30, na anayechelewa hutozwa faini ya kuanzia Sh2,000. Kinachowakwamisha wengi si hesabu ya ushuru. Ni visanduku vya kujaza.

Kwa miaka mingi, mtu asiyetegemea mshahara pekee amekuwa akipakua faili ya Excel kutoka mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), akiijaza kwenye kompyuta bila intaneti, kisha akibofya kitufe cha kuhakiki. Makosa yakiwapo, yanaorodheshwa. Yasipokuwapo, faili ya zip inaundwa, tayari kutumwa. Ni mpango mzuri: kosa linanaswa mezani kabla halijafika Times Tower, makao makuu ya KRA.

Kasheshe huanzia kwenye tarehe. Fomu inataka siku, mwezi, mwaka, ilhali kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani hutanguliza mwezi. Mwanzo wa mwaka, 01/01, hupita salama kwa kuwa hausomeki vingine. Mwisho wa mwaka, 31/12, hugonga mwamba, maana hakuna mwezi wa 31. Na anayekataliwa hivyo ana afadhali. Aliyeandika 03/06 akimaanisha Juni 3 huenda akasomwa kuwa Machi 6, na mashine isimwambie lolote. Mhudumu mzoefu hurekebisha mipangilio kwanza, ndipo amwite mteja.

PIN ya KRA ina herufi na tarakimu 11: A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni, tarakimu tisa, kisha herufi moja ya kufungia. Ni rahisi mno kuandika O pahali pa sufuri. Hapo programu ingeweza kumsitiri mtu. Kati ya nafasi ya pili na ya kumi herufi haziruhusiwi kamwe, kwa hivyo O iliyojipenyeza humo ni sufuri tu. Igeuzwe, na anayejaza aonyeshwe kilichogeuzwa. Vivyo hivyo na ile nafasi tupu inayonakiliwa pamoja na PIN kutoka WhatsApp. Haionekani kwa macho, lakini inatosha kumkatalia mzee wa watu ambaye PIN yake ni sahihi kabisa.

Nambari za simu nazo zina vituko vyake. Mkenya huanza na 07, au +254, au 254 bila alama. Mitambo ya M-Pesa inayounganishwa na programu za wafanyabiashara inataka 254. Excel, kwa upande wake, huichukulia simu kuwa hesabu na kumeza sufuri ya mbele. Halafu mwaka wa 2019 zikaja nambari zinazoanza na 01, na programu zilizoandikwa kwa imani kwamba kila simu ni 07 zikawa zinawakataa wateja wenye laini halali.

Majina ndiyo yanayoudhi zaidi. Ng'ang'a, Ndung'u, Nyong'o: haya si majina adimu Nairobi, ila waandishi kadhaa wa programu huifungia nje alama ya ng' kwa sababu katika lugha ya hifadhidata alama hiyohiyo hufunga maandishi, na mdukuzi anaweza kuitumia kupenyeza amri zake. Basi mtu anakuwa Ng'ang'a kwenye kitambulisho na Nganga benki. Microsoft Word huongeza utata kwa kuipinda alama hiyo, hata majina mawili yaliyo sawa machoni yakawa tofauti kwa mashine.

Dawa yake imejulikana kwa miaka mingi. Jina hupelekwa kwenye hifadhidata kando ya amri, si kushonwa ndani yake, na alama iliyopinda hunyooshwa kabla ya kuhifadhiwa. Kwa mwandishi wa programu, hiyo si kazi ya kumfanya akeshe.