Kulala ndani ya ngome bila kufilisika: Hosteli za miji midogo ya Ufaransa zinavyofanya kazi

Kusini mwa Ufaransa kuna mji unaitwa Carcassonne, wenye wakazi kama 46,000. Juu ya kilima, ng'ambo ya mto Aude, imesimama ngome ya kale yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, jumla yake karibu kilomita 3. Minara yake ni 52. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Watalii wanamiminika mchana, wanapiga picha, wanakula, jioni wanashuka. Kulala humo ndani ni jambo lingine. Hoteli zilizo ndani ya kuta si za mtu mwenye pesa ya kuhesabu.

Lakini humo humo, kwenye mtaa wa Vicomte Trencavel, imekuwapo hosteli ya vijana. Mwanafunzi mwenye begi la mgongoni ameweza kulala hatua chache tu kutoka kwa mtu aliyelipia chumba cha kifahari, na asubuhi wote wakaamka ndani ya kuta zile zile.

Inawezekanaje? Jibu fupi ni kwamba hosteli si hoteli iliyoshushwa bei. Ni utaratibu mwingine kabisa. Kile unachopunguziwa kwenye pesa unakilipa kwa kujihudumia na kwa kufuata saa. Ukilijua hilo mapema, safari inakwenda vizuri. Usipolijua, unaweza kujikuta umesimama na begi mbele ya mlango uliofungwa.

Unalipia kitanda, si chumba

Kwa Kifaransa inaitwa "auberge de jeunesse". Ukitafuta malazi mtandaoni, andika hivyo hivyo.

Unacholipia ni kitanda kimoja ndani ya bweni. Vitanda mara nyingi ni vya dabo deka, vinne, sita au zaidi kwa chumba. Bafu na choo mnachangia, ndani ya chumba au kwenye korido. Kama ulisoma shule ya bweni, tayari unajua nusu ya mambo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kiranja, na jirani yako anaweza kuwa mstaafu anayezunguka nchi kwa baiskeli. Jina linasema vijana, lakini hosteli nyingi zinapokea watu wa umri wowote.

Kwenye miji midogo ya Ufaransa, kitanda cha bweni mara nyingi kinakuwa kati ya euro 20 na 40 kwa usiku, kutegemea msimu. Julai na Agosti bei zinapanda. Carcassonne ina siku moja ya kuangalia kwa makini zaidi: Julai 14, sikukuu ya taifa, ambapo fataki zinarushwa juu ya ngome na mji unafurika. Ukitaka kitanda usiku huo, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Wazo lilitoka wapi?

Hosteli hizi hazikuanza kama biashara ya utalii. Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa akitembea na wanafunzi wake mashambani na akakosa pa kuwalaza. Mwaka 1912 akafungua hosteli ya kudumu ndani ya ngome ya Altena. Yaani tangu mwanzo, hosteli na ngome ni marafiki wa zamani.

Ufaransa ilipata ya kwanza mwaka 1929 kupitia mwanasiasa Marc Sangnier. Kisha ukaja mwaka 1936. Serikali ya wakati huo iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo, kwa mara ya kwanza kisheria. Ghafla kijana wa kiwandani akawa na likizo, ila hoteli hakuiweza. Léo Lagrange, aliyekuwa na dhamana ya michezo na mapumziko serikalini, akazipa hosteli msukumo mkubwa.

Hapo ndipo msingi wake ulipo: kusafiri kusiwe kwa matajiri peke yao.

Kwa Carcassonne jambo hilo lina uzito wake. Katikati ya karne ya 19 ngome hii nusura ibomolewe, kwa sababu jeshi halikuihitaji tena. Mwanahistoria wa hapo, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, na mwandishi Prosper Mérimée waliipigania. Msanifu majengo Viollet-le-Duc akaanza kuikarabati katika miaka ya 1850, kazi aliyoisimamia hadi alipofariki mwaka 1879. Ila katika kuisafisha, nyumba za watu maskini zilizokuwa zimebanana kati ya kuta mbili ziliondolewa. Ngome ikaokolewa, wanyonge wakashushwa chini ya kilima.

Kitanda cha hosteli kimekuwa moja ya njia chache za mtu wa kipato kidogo kulala tena ndani ya kuta hizo.

Kitanda hicho kina kazi hata ubalozini

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya Schengen, uthibitisho wa malazi unagusa moja kwa moja kiasi cha pesa unachotakiwa kuonyesha.

Ufaransa inataka mgeni aonyeshe euro 120 kwa kila siku kama hana nafasi ya malazi aliyohifadhi. Akiwa nayo, kiwango kinashuka hadi euro 65 kwa siku. Piga hesabu ya siku 10: ni euro 1,200 dhidi ya euro 650. Tofauti ya euro 550, kwa karatasi moja.

Ada ya viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000.

Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, chagua nafasi ambayo unaweza kuifuta bila kukatwa pesa, ili ukinyimwa viza usipoteze mara mbili. Pili, usiifute ukishapata viza ukidhani mchezo umeisha. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza utalala wapi, na anataka kuona jina lako na tarehe.

Saa ndiyo kila kitu

Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Hoteli kubwa ina mtu mapokezi usiku na mchana. Hosteli ya mji mdogo mara nyingi haina. Mapokezi yanafunguliwa asubuhi, yanafungwa katikati ya mchana, yanafunguliwa tena jioni kwa saa chache. Baada ya hapo mlango unafunguliwa kwa namba ya siri, na namba hiyo unaipata kwa kujiandikisha kwanza.

Wafaransa wanaandika saa kwa mfumo wa saa 24. Ukiona "17h" maana yake ni saa 11 jioni yetu. "22h" ni saa 4 usiku. Ukisoma haraka haraka unaweza kuchanganya, kwa hiyo badilisha saa zote siku unapopanga safari, usisubiri ukiwa njiani.

Treni ikichelewa, piga simu au tuma ujumbe kabla mapokezi hayajafungwa. Wengi watakuachia maelekezo. Usipotoa taarifa, utajijua.

Na kufika nako kuna hesabu yake. Kutoka Toulouse, treni ya mkoa inachukua kama saa moja. Stesheni ya Carcassonne iko mji wa chini, karibu na Canal du Midi, mfereji ambao nao ni urithi wa dunia. Kutoka hapo hadi ngomeni ni mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu: unapita katikati ya mji, unavuka daraja la kale la Pont Vieux, unapanda kilima. Ndani ya kuta barabara ni za mawe, na magari yamewekewa mipaka. Sanduku la magurudumu litakutesa. Begi la mgongoni ndilo rafiki.

Usiku bwenini

Orodha ya vitu vya kubeba si ndefu:

- Kufuli yako mwenyewe. Makabati mara nyingi yapo, kufuli hakuna.
- Taulo. Mashuka kwa kawaida unapewa, taulo mara nyingi unakodishwa.
- Kandambili za bafuni.
- Vizibo vya masikio. Mkoromaji hakosekani.
- Adapta ya umeme. Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo, wakati chaja zetu nyingi ni za pini tatu za mraba.

Pasipoti, pesa na simu vilale na wewe au kabatini, si juu ya kitanda. Sio kwamba wenzako ni wezi. Ni kwamba hujui nani ni nani, na kupoteza pasipoti ugenini ni msiba wa kujitakia.

Adabu ya bweni nayo ni fupi: mtu akishazima taa, usiiwashe. Kama unaondoka alfajiri, panga begi lako jioni. Sauti ya mifuko ya plastiki saa 11 alfajiri imewakosanisha watu wengi.

Kitanda cha juu au cha chini? Hosteli nyingi anayefika kwanza ndiye anachagua. Kama una tatizo la mgongo au magoti, sema mapokezi mapema.

Salamu kwanza, swali baadaye

Hili mtu wa Pwani atalielewa bila kufundishwa. Mfaransa, hasa wa mji mdogo, anakerwa na mtu anayeingia na swali kabla ya salamu. Ukiingia dukani, mapokezi au hata bwenini, anza na "bonjour". Ikifika jioni ni "bonsoir". Ndipo useme shida yako, hata kama ni kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Utaona tofauti usoni pale pale.

Chakula: kalenda ya mji mdogo

Hosteli zenye jiko la pamoja ndizo zinazookoa pesa kweli. Unanunua mkate, mayai na mbogamboga, unapika, unaandika jina lako kwenye mfuko ulio ndani ya friji. Kifungua kinywa, kama kimo kwenye bei, kwa kawaida ni mkate, siagi, jamu na kahawa. Usitegemee supu wala chapati.

Tatizo ni saa, tena. Maduka mengi ya miji midogo yanafungwa mchana kati ya saa 6 na saa 8. Jumapili kuanzia mchana karibu kila kitu kimelala, na Jumatatu baadhi ya maduka hayafunguliwi kabisa. Ukifika Jumapili jioni bila chakula, kilichobaki ni mgahawa, na mgahawa wa ndani ya ngome hauna bei ya huruma.

Ukiamua kula nje, jaribu cassoulet, chakula cha maharage meupe na nyama kinachopikwa taratibu kwa saa nyingi. Angalizo: kwa kawaida kina nyama ya nguruwe, kwa hiyo anayekula halali aulize kabla.

Maji usinunue. Ya bombani ni salama kunywa, na sheria inautaka mgahawa ukupe bure ukiwa unakula. Omba "une carafe d'eau".

Fomu ya polisi isikutishe

Ukijiandikisha, mgeni wa kutoka nje unapewa fomu ya polisi: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani ya nyumbani. Wengine wanashtuka wakidhani wameshukiwa. Hapana. Ni takwa la sheria kwa wageni wote wa kigeni, kwenye hosteli na hoteli za nyota tano pia.

Utakuta pia kodi ya utalii, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi.

Ukishapata kitanda, mji ni wako

Kuingia ndani ya ngome ya Carcassonne ni bure, saa yoyote. Kanisa la kale la Saint-Nazaire nalo ni bure. Unacholipia ni jumba la Château Comtal na kutembea juu ya kuta.

Na hapa kuna habari njema kwa wanafunzi wetu walioko Ufaransa. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anayeishi nchini humo kihalali anaingia bure, hata kama si raia wa Ulaya. Beba kibali chako cha ukaazi.

Lakini faida kubwa ya kulala humo ndani haina tiketi. Jioni watalii wa siku wanaondoka. Unaweza kutembea kati ya kuta mbili, pale pale walipokuwa wakiishi wale maskini wa karne ya 19, ukiwa karibu peke yako.

Inamfaa nani?

Hosteli haimfai kila mtu. Wenye watoto wachanga, wanaohitaji faragha, au wasioweza kulala penye kelele watateseka. Baadhi ya hosteli zina vyumba vya watu wawili au vya familia, na kwa watu watatu au wanne hoteli ya kawaida ya mji wa chini inaweza kutoka nafuu kuliko vitanda vinne. Piga hesabu kabla hujalipa.

Kwa anayesafiri peke yake na bajeti yake ni ya kubana, ni vigumu kuishinda. Kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, hakikisha mambo manne: mapokezi yanafungwa saa ngapi, kama kuna jiko, kama nafasi inafutika, na siku utakayofika si Jumapili jioni.