Kabla ya kuunda roboti, tuamue kazi yake

Mwanafunzi wa Kadutu au Ibanda akisikia kuna shindano la roboti, mara nyingi huuliza kwanza: vipuri tutavipata wapi? Ana haki kuuliza, maana vipuri ni ghali. Lakini kuna swali linalotangulia: roboti yetu itafanya kazi gani, na ipi itaiacha?

Tuchukue mfano wa shindano la FIRST Global la mwaka 2017, lililokusanya Washington, Marekani, vijana kutoka nchi zaidi ya 150. Kila nchi ilipewa vipuri vya aina moja. Kazi ilihusu maji: roboti zilikusanya mipira ya buluu, mfano wa maji safi, na ya rangi ya chungwa, mfano wa uchafu. Nchi tatu zilicheza pamoja dhidi ya tatu nyingine. Kwa kuwa vipuri vilikuwa sawa, tofauti kubwa ilitoka kwenye mpango.

Mpango huanza kwa kusoma kanuni zote, kisha kuhesabu. Tuseme kazi moja inaleta pointi 5 kwa sekunde 30, na nyingine pointi 2 kwa sekunde 6. Ile ndogo ikirudiwa mara tano katika sekunde 30, inaleta pointi 10. Kwa hiyo tunachagua ndogo. Tena, roboti inayofanya kazi moja bila kukwama inawafaa wenzake kuliko inayojaribu zote na kusimama katikati ya uwanja.

Baada ya uamuzi ndipo tunachora, tunajaribu umbo kwa katoni, kisha tunafunga vyuma. Kosa la katoni halina hasara kubwa. Siku zinazobaki ni za kuzoea kuiendesha na kuirekebisha.

Hapa nchini kwetu, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alifuata njia hiyo ya kuanza na hitaji. Roboti zake zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013 zilipaswa kusimama nje mchana kutwa, kwa hiyo zilipewa mwili wa alumini na umeme wa jua.

Bukavu umeme hukatika. Lakini kusoma kanuni, kuhesabu, kuchora na kukata katoni havihitaji umeme. Shule yenye meza, kalamu na wanafunzi watano inaweza kuanza juma hili, kabla kipuri cha kwanza hakijafika.