Wazee Waliobaki Daftarini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina zimwi wala sungura. Ni mambo yaliyotokea kweli nchini Japani mwaka 2010, na watu wazima wenyewe walipoyasikia walishika vichwa.

Kwanza mjue kwamba Wajapani wanawaenzi wazee wao. Kila mwezi wa Septemba wana sikukuu ya taifa iitwayo Siku ya Kuwaheshimu Wazee. Tena tangu mwaka 1963, kila anayetimiza miaka 100 hupewa na serikali kikombe, ambacho hadi mwaka 2015 kilikuwa cha fedha tupu, pamoja na barua ya pongezi kutoka kwa waziri mkuu. Mwaka ule wa kwanza, wenye umri huo nchi nzima walikuwa 153 tu. Kufikia 2010 walishapindukia 44,000. Taifa zima likajivunia: tazameni tunavyoishi!

Basi, Julai mwaka huo, maafisa wa wilaya ya Adachi jijini Tokyo wakataka kwenda kumpongeza mzee mmoja. Daftari lilisema ana miaka 111, mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote jijini. Wakabisha hodi. Jamaa zake wakasema mzee hataki kuonana na mtu. Maafisa wakarudi tena, wakapewa udhuru mwingine. Mwishowe polisi wakaingia ndani.

Mzee alikuwemo chumbani mwake, kitandani, amefunikwa blanketi, ila umebaki mwili uliokauka tu. Magazeti yaliyokuwamo yalikuwa ya mwaka 1978. Alikuwa amefariki zaidi ya miaka 30 nyuma, na muda wote huo serikali ilimhesabu kuwa hai, huku pensheni ikiendelea kuingia benki. Watu wa familia yake wakakamatwa kwa tuhuma za udanganyifu.

Hapo ndipo kila mji ulipoanza kuwatafuta wazee wake. Mwanamke wa miaka 113, mzee kuliko wote Tokyo, hakuonekana. Binti aliyeandikwa kuwa anaishi naye akasema hajamwona tangu miaka ya 1980. Katika jiji la Kobe walimtafuta bibi wa miaka 125 katika anwani yake, wakakuta ni bustani ya umma, na imekuwa bustani tangu 1981. Na katika wilaya ya Ota, Tokyo, mabaki ya mama wa miaka 104 yalikutwa ndani ya mkoba wa mgongoni. Mwanawe, mwenyewe akiwa na miaka 64, aliwaambia polisi kwamba mama alipofariki, yeye hakuwa na fedha za mazishi. Wengi walimlaani. Mimi nikimfikiria mtu huyo, amekaa na mkoba ule mwaka baada ya mwaka kwa kukosa wa kumwendea na shida yake, naumia zaidi kuliko ninavyokasirika.

Sasa mtaniuliza: nchi ambayo treni zake zinasifika kwa kufika kwa wakati inapotezaje watu?

Japani ina madaftari mawili. La kwanza ni la wakazi: linaonyesha mtu anaishi wapi leo, na kwalo hupata bima ya afya, pensheni na haki ya kupiga kura. La pili linaitwa koseki, daftari la familia, lililoanza kutumika nchi nzima mwaka 1872. Mtoto akizaliwa huandikwa humo chini ya wazazi wake. Akioa au kuolewa, huandikwa. Akifa, jina lake hufutwa. Lakini koseki haikai unapoishi. Inakaa mahali ambapo familia ilichagua kujiandikisha, pengine kisiwa cha mbali ambacho mjukuu hajawahi kukikanyaga. Karani anayeitunza hajawahi kukuona uso.

Na ufunguo wa jambo lote ni huu: daftari halijui kitu mpaka mtu aje kulieleza. Ndugu wa marehemu wana siku saba za kupeleka cheti cha daktari na kuandikisha kifo. Asipokuja mtu, jina linabaki. Ni kama mwalimu anayeita mahudhurio kwa orodha ya mwaka jana: mtoto aliyehama ataendelea kuitwa mpaka mwenzake mmoja aseme, “Huyo alishahama.”

Wizara ya Sheria ilipokagua koseki za nchi nzima mwezi Septemba, ilikuta majina 234,354 ya watu waliotakiwa kuwa na miaka 100 au zaidi, ambao hakuna ajuaye wanaishi wapi. Kati yao 77,118 wangekuwa na miaka 120 na zaidi. Na 884 wangekuwa wamefikisha 150! Katika kisiwa cha Iki, mkoani Nagasaki, alikuwepo mwanamume aliyezaliwa mwaka 1810, yaani miaka 200 kamili. Alipozaliwa, Japani ilikuwa bado inatawaliwa na shogun, na samurai walitembea barabarani na panga viunoni.

Msidhani hao wote walikuwa wakiliwa pensheni. Hapana. Wengi walikuwa wamebaki kwenye koseki tu. Katika daftari la wakazi hawakuwemo, kwa hiyo hakuna aliyewalipa hata yeni moja. Wezi walikuwa wachache.

Wengine walikuwa nani? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana magazeti yalipita hapa haraka mno. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa. Agosti mwaka huohuo likaja bomu la atomiki la Hiroshima, kisha la Nagasaki. Baba, mama, watoto, bibi, na jirani wa pande zote mbili wakateketea kwa pamoja. Niambieni, nani angebaki wa kwenda ofisini kuandikisha vifo vyao? Wengine walihama. Mwaka 1908 meli Kasato Maru iling'oa nanga Kobe kuelekea Brazili, ikafuatiwa na nyingine nyingi. Waliosafiri wakazeeka na kuzikwa ng'ambo, na habari za msiba hazikufika kijijini.

Kwa hiyo majina yale ya ajabu, yaliyochekwa duniani kote, mengi yalikuwa ya watu waliokufa bila kubakiza wa kuwasemea. Mimi siwezi kuyacheka.

Serikali iliziruhusu ofisi kuwafuta kwa njia nyepesi wenye miaka 120 na kuendelea, na kazi hiyo ikaanza. Kwa wenye pensheni ilibuniwa njia nyingine. Wajapani wenye miaka 75 na zaidi wana bima yao ya afya, na mtu wa umri huo ni nadra kumaliza mwaka mzima bila kumwona daktari. Basi ofisi ya pensheni huangalia ni nani hajaitumia bima yake kwa muda mrefu hivyo, kisha humpelekea fomu ya kueleza hali yake. Akijibu, malipo yanaendelea. Asipojibu, malipo husimamishwa na watu huanza kuulizia yuko wapi.