Ukavu Hukata DNA ya Kimeta, Lakini Usidhani Kiangazi Kimekimaliza

Kama unafuga ng'ombe Nunguni, ama kule chini kwenye joto la Makueni na Kitui, usidanganyike eti kiangazi kimesafisha shamba lako. Kimeta, ule ugonjwa wa kuangusha ng'ombe ghafla, kinaweza kujificha kwa udongo miaka na mikaka.

Siri yake ni spora. Bakteria wa kimeta akifikiwa na hewa na chakula kikiisha, anajifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Fikiria mbegu ya mahindi uliyoanika ukaweka stoo: imekauka, lakini haijakufa.

Ukavu nao si mchezo. DNA inahitaji maji ndio ishike umbo lake. Maji yakitoka kabisa, umbo linabadilika, nyuzi zinakatika na protini zingine zinagandamana nayo. Mbaya zaidi, spora iliyolala haiwezi kujitibu, kwa hivyo majeraha yanazidi kurundikana.

Lakini spora imejipanga. Protini ndogo ndogo huivalisha DNA kama koti. NASA iliweka spora za Bacillus subtilis, wa jamii moja na kimeta, kwenye setilaiti kuanzia 1984 hadi 1990. Huko angani hakuna hewa na ukavu ni wa kutisha. Zile zilizokingwa na miale ya jua, nyingi zilirudi zikiwa hai!

Sasa cheki hii. Wakati wa ukame nyasi huwa fupi, ng'ombe anang'oa hadi mchanga na kumeza spora. Tumboni kuna maji, joto na chakula. Spora inaamka na kuanza kuunga DNA yake. Iliyokatikakatika kupita kiasi inakufa. Iliyofaulu inazaana, na ng'ombe anaenda.

Kwa hivyo ng'ombe akifa ghafla, hasa akitoka damu puani ama nyuma, weka kisu chini. Ukimpasua, bakteria wanapata hewa na kugeuka spora mpya kwa boma lako. Nyama pia usile wala kuuza, hata ikiwa bei ya kutupa, maana kimeta huua watu pia. Fukuza mbwa, ita daktari wa mifugo, mzoga uchomwe ama uzikwe shimo refu. Waliobaki wachanjwe kila mwaka.

Kiangazi hakitakufanyia hiyo kazi, buda.